Roboti Iliyolia Badala ya Kwenda Kulia

Saa tisa na nusu alasiri, wanafunzi wengine wakikimbilia getini na mabegi mgongoni, mwalimu wa kompyuta yuko chini. Amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anabandika utepe mweusi juu ya mstari wa chaki. Sketi yake imeingia vumbi. Kipande kingine cha utepe amekibana kwa midomo, kwa hiyo maagizo yote anayatoa kwa nyusi.

Wanafunzi wake watano wameshazizoea nyusi hizo. Ukipanda mmoja, meza inasogezwa. Zikipanda zote mbili, kuna mtu ameharibu na anajijua.

Chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Leo sakafu yake ni hospitali. Mbao nyembamba zimesimamishwa kuwa kuta, katikati zimeachwa korido, na mwisho wa korido kuna boksi la viatu lililoandikwa KITANDA kwa kalamu ya wino mzito. Roboti inatakiwa itoke mlangoni imebeba chupa ya dawa, ifuate korido, ikifika ukutani ipinde kulia, ifike kitandani, kisha ipige king'ora ili muuguzi ajue dawa imefika. Muda ni dakika tatu. Hiyo ndiyo kazi iliyotolewa na waandaaji wa mashindano ya shule za sekondari, na anayedhani ni mchezo wa watoto aje ajaribu.

Roboti yenyewe haina sura ya kutisha. Ni kipande cha mbao chenye magurudumu ya gari la kuchezea, betri iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, na jicho moja mbele la kupimia umbali wa ukuta. Wanafunzi wanaiita Mwendapole, kwa sababu mwenda pole hajikwai. Ilivyojikwaa tutafika huko.

Leo mkuu wa shule anakuja kuangalia. Mwendapole akimaliza safari ndani ya muda, timu inakwenda mashindano ya kanda. Asipomaliza, safari hakuna, na klabu hii ya roboti anapewa mwalimu mwingine ambaye atawafundisha kwa kunakili programu zilizo tayari vitabuni, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Kukosa safari, mwalimu wetu anaweza kuvumilia. Hilo la pili ndilo linalomnyima raha tangu wiki iliyopita.

"Chumba ni cha shule, wakikichukua sina neno," anasema, utepe ukiwa umeshatoka mdomoni. "Lakini watoto wakirudi kunakili, nitaumia. Kunakili nakujua mimi. Nimeishi kwa kunakili."

Na ni kweli. Kabla hajawa mwalimu alikuwa mpiga chapa, katika kibanda cha fotokopi nje ya mahakama. Watu walimletea barua zilizoandikwa kwa mkono, nyingi za Kiingereza kile cha wanasheria, naye akazipiga kwa kasi ambayo wateja walikuwa wanasimama kuitazama. Alikuwa hakosei herufi. Sifa zilivuma mpaka mawakili wenyewe wakawa wanaulizia zamu yake.

Siku moja alifika mama mmoja mtu mzima, akachapiwa barua yake, akalipa, halafu akaomba asomewe. Alitaka tu kujua nyumba yake, iliyokuwa kwenye kesi, imepona au haijapona. Mpiga chapa akaishika ile karatasi, akaitazama juu hadi chini. Hakujua.

"Aliniuliza, 'Sasa mwanangu, umeichapaje kama huijui?' Hakuniuliza kwa ubaya, alikuwa anashangaa kweli. Nilikosa la kumwambia. Mpaka kesho sina la kumwambia."

Aliacha kazi mwaka uleule akaenda chuo cha ualimu, na mtoto wa kunyonya mgongoni. Nyumbani alimwacha mume, fundi wa makochi, ambaye alikubali kupika na kufua muda wote wa masomo. Mawifi hawajamaliza kulisema hilo mpaka leo. Mshahara wa ualimu haukumtajirisha, na ukimuuliza atakwambia wewe mwandishi ulitegemea nini.

Alipopewa somo la kompyuta, akakuta watoto wanafanya kilekile alichokikimbia kibandani. Walikuwa wanachukua programu kitabuni, wanaiandika herufi kwa herufi, mashine inafanya kazi, wanapigiwa makofi. Ukiwauliza mstari wa pili una maana gani, wanatazamana.

Sasa, katika kuandika programu kuna maneno ambayo ni ya mashine yenyewe, hayo huwezi kuyagusa. Lakini amri unazozitunga wewe, ukaipa kila moja jina lake, jina ni hiari yako. Vitabu huziita kwa Kiingereza kwa sababu waliovitunga ndiyo lugha yao. Mwalimu akawaambia wanafunzi wake wazipe majina ya Kiswahili. Ubaoni yakaanza kuonekana maneno kama mbele, nyuma, simama, kushoto.

Ofisini kwa walimu alichekwa sana. Mmoja alimuuliza kama kompyuta nayo inaamkiwa shikamoo. Akajibu kwamba yake inaamkiwa kila asubuhi, ndiyo maana inawaka, tofauti na ya huyo muulizaji.

Aliyefaidika zaidi ni binti wa kidato cha tatu wanayemwita Kasuku, kwa sababu akianza kuongea getini anamalizia darasani. Kiingereza cha Kasuku ni cha kuombea dua. Lakini mwambie akueleze njia ya kutoka nyumbani kwao hadi sokoni, atakueleza hatua moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, na kuandika programu ni hivyohivyo. Amri zote za magurudumu aliandika yeye.

King'ora kilikuwa kazi ya Babu. Babu ni kijana wa miaka kumi na sita anayetembea mikono nyuma, anakohoa kabla ya kuongea, na husema "enzi zetu" akimaanisha kidato cha kwanza. Mjomba wake ni fundi pikipiki, na king'ora alikitoa huko, kilekile kinachopiga mtu akiigusa pikipiki ya watu. Sauti yake si ya hospitali hata kidogo, lakini kilikuwa cha bure.

Siku moja kabla ya mashindano ya awali, kazi ya Kasuku na kazi ya Babu ziliunganishwa kuwa programu moja. Ilikuwa jioni, watu wamechoka, mashine haikulalamika popote, wakafunga chumba wakaenda zao.

Kesho yake, katika ukumbi wa shule ya wenyeji, mbele ya walimu, wazazi na shule shindani, Mwendapole alitoka vizuri. Alifuata korido, akaufikia ukuta, akasimama kama alivyoambiwa. Kisha, pale alipotakiwa kupinda kulia, akapiga king'ora. Hakupinda. Alibaki pale ameutazama ukuta, analia kwa sauti ya pikipiki inayoibiwa, na kila akipima akaona ukuta bado upo analia tena.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mtu mmoja wa nyuma akasema jamani mwacheni, atakuwa amefiwa. Mshereheshaji naye, badala ya kusaidia, akawataka wasimame dakika moja kumpa pole mhusika. Babu alipofanikiwa kuchomoa waya, wapo waliokuwa wanafuta machozi kwa kucheka.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Kasuku, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu sentensi yake inaishia hapo.

Bahati yao ni kwamba mashindano yale yalikuwa ya kujipima tu, kila shule iliachiwa iamue yenyewe kama itaendelea hadi kanda. Walirudi stoo kwao, wakalaumu betri, wakalaumu magurudumu, wakalaumu sakafu ya wenyeji. Mwalimu ndiye aliyeipitia programu mstari kwa mstari mpaka akaliona kosa.

Kulikuwa na amri mbili zenye jina moja. Kasuku alikuwa ametunga amri ya kupinda upande wa mkono wa kulia, akaiita kulia. Babu alikuwa ametunga amri ya king'ora kutoa sauti, akaiita kulia. Kompyuta ikikuta majina mawili yanayofanana hairudi kukuuliza, inashika la mwisho na kulisahau la kwanza. La mwisho lilikuwa la Babu. Kwa hiyo Kasuku aliposema pinda, mashine ilisikia piga kelele.

Mtu asidhani Babu alifanya uvivu. Jina la kwanza aliloandika lilikuwa king'ora, na mashine ikalikataa. Ilikuwa haitaki kile kialama cha juu kinachokaa kwenye ng'. Alijaribu tena na tena, ikakataa. "Tangu darasa la kwanza tunachapwa kwa kusahau kile kialama," analalamika Babu, mikono nyuma. "Siku nakikumbuka, nakutana na mashine haikitaki." Basi akajiuliza king'ora huwa kinafanya nini. Kinalia. Akaandika kulia, mashine ikakubali, akafurahi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kasuku alisema kulia ni upande, hata mtoto mdogo ukimwambia anyooshe mkono wa kulia hatoi machozi. Babu akamuuliza kengele ya shule inapolia, huwa inakwenda upande gani. Kasuku akasema yeye aliandika kwanza. Babu akasema neno halina hatimiliki. Wakanuniana. Wiki nzima walikaa meza moja wakipitishiana bisibisi kwa mkono wa mtu wa tatu, na kila mmoja akisema "mwambie huyo."

Huku nako mkuu wa shule akamwita mwalimu ofisini. Si mtu mbaya, na haki yake apewe. Anasema simu za wazazi zilikuwa hazikatiki, kila mmoja anauliza kama ada yake ndiyo inayofundisha roboti kuomboleza. "Kiswahili nakipenda, hata ndoto naota kwa Kiswahili," anasema mkuu, ambaye kwa taaluma ni mwalimu wa historia. "Lakini mtihani hautawauliza kwa Kiswahili. Nilimwambia mwalimu mapema, neno likiwa la kitabuni halileti mambo haya." Akampa nafasi moja ya mwisho, iliyo leo.

Siku hiyo mwalimu alirudi nyumbani akiwa ameshakata tamaa, anakiri mwenyewe. Alimweleza mumewe kisa chote huku mume akipigilia kitambaa kwenye kiti. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akatoa misumari mdomoni, akauliza swali moja tu: hao wenye Kiingereza chao, hawana maneno ya maana mbili?

Mwalimu akaanza kucheka peke yake. Alikuwa amekumbuka kwamba neno la Kiingereza la upande wa kulia, right, ndilo hilohilo la haki, na ndilo hilohilo la kusema jambo ni sahihi. Na roboti zao zinapinda kila siku.

"Nikajua lugha haina kosa," anasema. "Kosa letu ni kwamba hatukusomeana. Kila mtu aliandika kivyake, tukaunganisha kama watu wasiojuana."

Kesho yake akaweka sharti. Jina lolote jipya kabla halijaingia kwenye programu litasomwa kwa sauti mbele ya wote watano, na yeyote ana ruhusa ya kuuliza kama lina maana nyingine. Sharti lilikuwa halina jina mpaka Babu alipokohoa akasema hiyo ni posa. Neno lazima liposwe, alisema, huwezi kulioa kabla hujauliza kama tayari ni mke wa mtu.

Kasuku hakutaka kucheka. Alijikaza, akatazama dirishani, na mwishowe kicheko kikamtoka. Tangu hapo bisibisi ikaanza kupita kwa mkono mmoja hadi mwingine bila mkalimani.

Ikawa ni kuposa maneno kila alasiri. Kulia ya Kasuku ikawa pindakulia, yote pamoja bila nafasi. Ya Babu ikawa pigahoni. Kushoto ikapita bila kipingamizi, maana hakuna anayelia kushoto. Lakini kaa, ambayo Kasuku aliitumia kuiambia roboti itulie kidogo, ilikamatwa papo hapo. Kuna kaa wa kula, kuna kaa la moto, na kuna kaa kitako. Ikafutwa, kila ilipokuwepo wakaweka subiri.

Saa kumi na robo mkuu wa shule anaingia. Ana saa mkononi, miwani kwenye paji la uso na uso wa mtu anayetaka kumaliza jambo. Anasalimia, anapewa kiti, anakikataa, anaegemea mlango.

Mwalimu anamtikisia kichwa Kasuku. Kasuku anabonyeza.

Mwendapole anatoka. Chupa ya dawa inatikisika mgongoni lakini haianguki. Anafuata korido, anaufikia ukuta, anasimama. Anaendelea kusimama. Babu ameshafumba macho. Kasuku anasogeza midomo bila sauti, na mwalimu amejishika kiunoni kwa mikono miwili kama mama mwenye mgonjwa ndani.

Kisha gurudumu la kushoto linazunguka, na Mwendapole anapinda kulia.

Hakuna anayeshangilia, wanaogopa kumshtua. Anakwenda mpaka kwenye boksi la viatu, anasimama, na king'ora cha pikipiki kinapiga mpaka mlinzi wa getini anakuja mbio na rungu. Sasa ndipo watoto wanaporuka. Wanakumbatiana, mmoja anapiga meza, na katikati ya furaha hiyo mkuu anainua saa yake.

"Imepitiliza," anasema. Si kwa mengi, lakini dakika tatu zimepita.

Mwalimu anakaa juu ya dawati. Mwandishi huyu ameona watu wakipewa habari mbaya mara nyingi, na anaijua ile hali ya mtu kutazama viatu vyake. Kasuku anaanza kueleza kwamba betri ni ya zamani, Babu anasema sakafu ina vumbi, na wote wawili wanajua hawajui.

Mkuu hajatoka mlangoni. Kuna kitu kinamkera.

"Pale ukutani," anauliza, "ilisimama muda wote ule ikifikiria nini?"

Mkuu anashusha miwani, anakwenda mbele ya kompyuta, anaomba aonyeshwe hiyo programu. Kasuku anamfungulia na kumpisha. Mwalimu huyu wa historia anainamia kioo, anaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, na anaanza kusoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Vile vialama na mabano anaviruka tu.

"Mbele. Ukuta ukiwa karibu, simama. Subiri. Subiri." Kidole kinasimama. Anarudi nyuma, anasoma tena. Anageuka. "Mbona mnaiambia isubiri mara mbili? Kwani mara ya kwanza haikusikia?"

Kasuku anajipiga paji la uso. Palikuwa na kaa pale, na chini yake subiri, vyote viwili vya kuitaka roboti itulie kabla ya kupinda. Walipogeuza kila kaa kuwa subiri, hapo zikabaki mbili zikifuatana, na macho ya watu watano yamekuwa yakizipita tangu juzi kwa sababu yamezizoea. Babu anakohoa.

Wanafuta moja. Mwendapole anarudishwa mlangoni, chupa inawekwa mgongoni. Safari hii pale ukutani anasimama kidogo tu, kama mtu aliyesahau ufunguo akaukumbuka, anapinda, anafika kitandani, anapiga king'ora. Mkuu anaitazama saa yake, anaitikisa kuhakikisha inatembea, anaitazama tena.

"Imewahi," anasema. "Na imebakiza."

Kelele za watoto hazikuweza kushindwa hata na kile king'ora. Mkuu alisubiri zipungue, akasema gari la kwenda kanda atalitafuta yeye, na klabu ibaki ilipo. Ila ana sharti moja. Programu zao zote, kabla hawajawasha chochote, wampelekee kwanza azisome. Alisema hivyo kwa ukali wa kiofisi, akatoka, na koridoni akasikika akimwambia mlinzi kwamba kuna kosa wataalamu wote walikuwa hawajaliona.

Mwalimu alikuwa amegeukia dirishani. Watoto walidhani anatafuta utepe. Alipogeuka uso ulikuwa umelowa, na alipojifuta kwa mkono wenye chaki alijichora shavu zima. Kasuku akamuuliza kwa sauti ya chini kama mkuu amemuudhi.

"Ametukosoa," mwalimu akasema.

"Si ndiyo nauliza, mwalimu."

"Ametukosoa kwa sababu amesoma akaelewa, mwanangu. Hajawahi kufundishwa kompyuta hata siku moja." Akaomba apewe maji.

Mashindano ya kanda ni mwezi ujao. Mwalimu anasema kushinda anataka, hatadanganya watu kwamba anakwenda kushiriki tu. Lakini ameshawaandikia waandaaji kuomba kitu ambacho hakuna shule nyingine iliyokiomba. Anaomba nafasi ya ukuta. Wanafunzi wake wataiandika programu nzima kwa herufi kubwa kwenye karatasi za manila, mstari kwa mstari, na kuibandika kando ya uwanja, ili mzazi, dereva au mfagiaji wa ukumbi aweze kusogea, kuisoma, na kuonyesha kwa kidole walipokosea.

Anaambiwa kwamba ukumbi ni uleule, na watazamaji watakuwa walewale.

"Na waje," anasema, akiinama tena kubandua utepe sakafuni. "Wakitaka kucheka, wacheke. Ila safari hii watacheka wakiwa wamesoma."